Hesabu ya Pande Mbili: Mhadhara juu ya Kuhamisha Data kwa Mkupuo

Ulitolewa Didia, Mkoa wa Shinyanga, mbele ya walimu, makarani wa vyama vya msingi, watumishi wa afya na wanafunzi wa sekondari



Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, ikianza na mwaka. Tano zinazofuata zinaonyesha eneo, tano nyingine ni za mfuatano, na mbili zinafunga. Karani akiiandika namba hiyo kwenye Excel bila kuweka vile vistari vya katikati, na bila kuiambia programu kwamba haya ni maandishi, Excel inaichukua kama kiasi, kama vile kilo au shilingi. Na kwa kiasi chochote kile Excel hutunza tarakimu 15 tu. Tano za mwisho zinageuka sifuri, na hakuna onyo linalotokea kwenye kioo.

Huku kwetu hakuna kijiji kisicho na Kulwa na Doto. Wamezaliwa siku moja, nyumba moja, wakaandikishwa kwenye meza moja. Tarakimu zao 13 za mwanzo ni zile zile. Kinachowatofautisha kiko mkiani, na mkia ndio uliokatwa. Faili likihifadhiwa hivyo, likatumwa wilayani, likapakiwa kwenye kanzidata yenye sharti kwamba namba ya kitambulisho isijirudie, pacha mmoja atapokewa na mwenzake atakataliwa kana kwamba ni marudio. Hapo hakuna aliyeiba, hakuna mvivu, wala karani hakukosea kuandika hata tarakimu moja. Lakini msimu ukifika, mmoja atapata mbolea ya ruzuku na mwingine ataambiwa jina lake halimo kwenye mfumo.

Nimekuja kuzungumza juu ya safari hiyo: data nyingi inavyotoka kwenye daftari na mafaili kuingia kwenye kanzidata, na inavyotoka humo kwenda kwingine. Ninaamini, na ninataka niwashawishi, kwamba data iliyotulia ndani ya kanzidata nzuri inalindwa vya kutosha. Inapotea ikiwa njiani. Na njiani pana ulinzi mmoja unaozidi mwingine wote, nao ni kuhesabu pande zote mbili, kwa mtoaji na kwa mpokeaji, kisha kutokubali kuondoka mezani mpaka hesabu zilingane.

Kwanza tuelewane kanzidata yenyewe. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa IBM huko San Jose, Marekani, alichapisha pendekezo kwamba taarifa zipangwe katika majedwali: kila jedwali lihusu jambo moja, kila mstari umhusu mtu mmoja au kitu kimoja, na majedwali yaunganishwe kwa funguo zilizomo ndani ya data yenyewe. Wakati huo Tanzania ilikuwa na kompyuta tayari. Wizara ya Fedha ilifunga ya kwanza mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikazuia kompyuta kuingizwa nchini, na kwa miaka ambayo wenzetu walikuwa wakijifunza kujenga mifumo ya aina ya Codd, sisi tulikuwa nje ya mlango. Nalitaja hili kwa sababu sehemu ya tabu zetu za leo inatoka hapo: tulirukia vishikwambi kabla ya watu wengi kupata nafasi ya kujifunza kazi ya chini, ile ya majedwali na funguo.

Mfano mzuri kabisa wa majedwali yanayotegemeana hautoki ofisini, unatoka mgodini. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na kabla ya kuchimba mwamba mkubwa, mgodi wowote wa namna hiyo huchoronga mashimo membamba kutafuta dhahabu ilipo. Jedwali la kwanza linaandika mdomo wa shimo: jina lake, mahali lilipo, kimo chake. La pili linaandika mwelekeo, maana shimo hupinda kadiri linavyokwenda chini. La tatu linaandika aina ya mwamba, kutoka mita hii hadi ile. La nne linaandika sampuli na majibu ya maabara. Mstari wa sampuli usiojua ni wa shimo gani hauna kazi, hata kama umeonyesha dhahabu ya ajabu. Ndiyo maana kanzidata huwekewa ufunguo rejea: sampuli haipokelewi kama shimo lake halijaandikwa.

Majibu ya maabara hurudi yakiwa mafaili yenye maelfu ya mistari, na hapo ndipo pa kutazama kwa karibu. Sampuli ambayo dhahabu yake ni ndogo kuliko kipimo kinavyoweza kuona haiandikwi sifuri. Maabara huandika <0.01, yaani chini ya gramu 0.01 kwa tani. Safu ya majibu kwenye kanzidata ni ya namba, na ile alama ya < si namba. Upakiaji unagoma. Kijana aliyekaa hapo, saa kumi na moja jioni, ana njia tatu mbele yake. Anaweza kuifuta alama, na sampuli isiyo na dhahabu inayopimika ikapata gramu 0.01 ambayo hakuna aliyeipima. Anaweza kuweka sifuri, na akawa amesema jambo ambalo maabara haikusema. Au anaweza kutunza jibu kama lilivyokuja kwenye safu ya maandishi, kisha akajaza safu ya pili, ya namba, kwa kanuni iliyokubaliwa na kuandikwa. Wengi hutumia nusu ya kikomo, yaani 0.005. Njia ya tatu ndiyo ya kazi, kwa sababu atakayekuja miaka kumi baadaye ataona yote mawili, kilichopimwa na kilichoamuliwa.

Tena maabara nyingine huandika -0.01 kwa maana ile ile. Namba hasi hupita mlangoni bila kugoma, ikakaa humo ikishusha wastani wa mwamba mzima. Na nyingine hutoa majibu kwa sehemu kwa bilioni badala ya gramu kwa tani. Tofauti yake ni mara 1,000. Kwa hiyo msifurahi tu upakiaji unapokwenda bila kosa. Uliogoma umekuambia ukweli wake. Ulionyamaza ndio wa kuchunguzwa.

Sasa nije kwenye kasi, maana vijana wa kompyuta huuliza hilo kwanza.

Data husafiri kwa namna mbili. Mnakumbuka usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza tarehe 1 Mei 2019, ukatakiwa ufungwe 31 Desemba, kisha Rais Magufuli akaongeza siku 20 hadi 20 Januari 2020. Kwa wakala pale kila mtu alikuwa swali moja: namba yako, kidole chako, jibu kutoka NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Hiyo ni safari ya moja moja, na inafaa kwa kazi yake, kwa sababu mtu amesimama mbele yako anasubiri. Namna ya pili ni mkupuo: daftari zima la wakulima, majibu yote ya mwezi, mashimo yote ya mwaka. Tabu huanza pale mtu anapofanya kazi ya mkupuo kwa mwendo wa moja moja, kama anayepeleka shehena ya mpunga mashineni gunia moja kwa baiskeli, akarudi kuchukua jingine, ilhali lori liko uwanjani.

Fanyeni hesabu wenyewe. Tuseme amri kutoka Shinyanga hadi kwenye seva iliyoko Dar es Salaam na jibu kurudi vinachukua milisekunde 50, yaani sehemu ya ishirini ya sekunde. Mistari 1,000,000 ikipelekwa mmoja mmoja kwa amri ya INSERT, ni sekunde 50,000, karibu saa 14, na karibu muda wote huo kompyuta zote mbili zimekaa zinasubiriana. Mkipanga mistari 1,000 katika amri moja, zinabaki safari 1,000, na kusubiri kunashuka hadi sekunde 50. Hamjabadilisha mtandao, hamjanunua seva mpya. Juu ya hapo, kila muamala, yaani fungu la mabadiliko linalokubaliwa lote au kukataliwa lote, unapothibitishwa, kanzidata hulazimika kuhakikisha maandishi yamefika kwenye diski kweli kabla ya kujibu. Mkithibitisha kila mstari, diski inasubiriwa mara milioni. Mkithibitisha mwishoni, inasubiriwa mara moja.

Kanzidata zote kubwa zina mlango wa lori. PostgreSQL ina COPY, MySQL ina LOAD DATA, Oracle ina SQL*Loader. Milango hii hupokea faili kama mto usiokatika, bila kuichambua amri upya kwa kila mstari. Mimi hupendekeza PostgreSQL kwa shule na halmashauri, kwa kuwa ni ya bure, nyaraka zake zimeandikwa kwa uaminifu, na ndiyo iliyo chini ya DHIS2, mfumo ambao zahanati zetu zinautumia kila mwezi.

Faharasa, yaani orodha ya kutafutia mstari kwa haraka, nayo huongeza mzigo. Jedwali lenye faharasa tano linataka kila mstari mpya uandikwe pia mahali pake katika faharasa zote tano. Kwa jedwali tupu linalojazwa kwa mara ya kwanza, pakieni kwanza, mjenge faharasa baadaye; kupanga mistari milioni kwa mara moja ni rahisi kuliko kuipenyeza mmoja mmoja. Kisha mwambieni msimamizi wa kanzidata aendeshe ANALYZE, ili mfumo ujue jedwali limekua, la sivyo utaendelea kupanga majibu yake kana kwamba bado lina mistari kumi.

Kuna ushauri unaotembea sana kwamba upakiaji ukiwa mkubwa zima masharti yote, funguo rejea zote, pakia, kisha washa. Kwa jedwali hai, ambalo watu wanalitumia mchana kutwa, ninaupinga ushauri huo moja kwa moja. Masharti ni maneno tuliyokubaliana tukiwa na akili zilizotulia. Kuyazima usiku kwa sababu ya haraka ni kuwaruhusu walioharibika waingie na wazima.

Badala yake jengeni jedwali la mapokezi. Liwe na safu zote za maandishi, lisiwe na sharti hata moja, na kila mstari ubebe jina la faili ulikotoka, namba ya mstari ndani ya faili, na saa ulipoingia. Kwenye PostgreSQL mnaweza hata kulitengeneza kuwa UNLOGGED, lisiandikwe kwenye shajara, lile daftari la mabadiliko la kanzidata. Umeme ukikatika litakuwa tupu, na haidhuru, faili la asili bado mnalo. Pakieni huko kwa kasi yote mtakayo. Ukaguzi mfanyie hapo hapo, mistari ikiwa imeshaingia nyumbani lakini haijafika sebuleni. Inayofaa hamishieni kwenye majedwali ya kweli, masharti yakiwa macho. Isiyofaa ibaki ikiwa na sababu iliyoandikwa pembeni yake.

Jedwali la mapokezi ndilo linalofichua mambo ya kwetu ambayo vitabu vya nje havitayataja. Mkoa wa Geita una wilaya ya Nyang'hwale. Alama ile katikati ya jina, mtunga programu asiye mwangalifu akiiunganisha kwa mkono ndani ya amri ya SQL, kanzidata inadhani maandishi yameishia kwenye Nyang, na hwale inakuwa fujo. Mstari unakataliwa. Ndivyo inavyowapata wote wenye majina yanayoanza na Ng'w. Dawa yake inajulikana: kupeleka maadili kama vigezo, au kutumia COPY, ambako alama hiyo ni herufi tu kama nyingine. Lakini kuna la pili lililojificha zaidi. Ukiandika jina hilo kwenye Word, programu huipinda ile alama ikawa ya mapambo. Ukiliandika kwenye kishikwambi, inabaki imenyooka. Kwa jicho ni wilaya moja, kwa kanzidata ni wilaya mbili, na jumla ya kila moja ni pungufu.

Fedha vilevile. Faili la CSV hutenganisha safu kwa mkato. Mtu akiandika malipo kuwa 1,250,000 bila kuyafunga kwa alama za nukuu, safu moja inakuwa tatu: moja, mia mbili hamsini, na sifuri tatu. Kwenye soko la madini, ambako gramu huandikwa kwa nukta na shilingi kwa mkato, mstari wa namna hiyo ukisukumwa safu mbili kulia unaweza kuingiza bei mahali pa mrabaha na kila kitu kikaonekana ni namba halali.

Na ile namba ya kitambulisho ina mtego mwingine hata ikinusurika na Excel. Mtunga majedwali anaweza kusema: hizi ni tarakimu tupu, nitaiweka kwenye safu ya namba kamili kubwa. Namba kubwa kabisa ambayo safu ya bigint inaweza kubeba ina tarakimu 19. Hata MySQL ikiondoa alama ya hasi, kikomo kinaanza na 18446, maana yake ingetosha kwa mtu aliyezaliwa kabla ya 1845. Namba ya kitambulisho haijumlishwi wala haizidishwi. Ni maandishi, na iwekwe kama maandishi, pamoja na namba za simu ambazo sifuri yake ya mwanzo hupotea kwa mtindo huo huo.

Nimegusa umeme, na sitaki nipite haraka, kwa sababu huku umeme hukatika. Mnapakia mistari 1,000,000 ndani ya muamala mmoja, umefika wa 640,000, taa zinazima. Mtu mwenye hofu atafikiri sasa ana kazi ya kutafuta ni ipi iliingia na ipi haikuingia. Hana kazi hiyo. Kanzidata huandika kila badiliko kwenye shajara yake kabla ya kuligusa jedwali. Ikiamka husoma shajara, na muamala ambao haukuthibitishwa hauhesabiki kuwa umetokea. Jedwali litaonyesha idadi ile ile ya jana. Ile mistari 640,000 itakuwa imekula nafasi ya diski mpaka VACUUM ipite kufagia, lakini hakuna atakayeiona kwenye ripoti. Jim Gray na wenzake walipofanya kazi hiyo ya miamala katika miaka ya 1970 hawakuwa wanatufikiria sisi, lakini sidhani kama kuna watu waliotufaa zaidi.

Hasara inabaki moja: kuanza upya. Kwa hiyo mzigo mkubwa mno ukatwe mafungu, tuseme ya mistari 50,000, kila fungu muamala wake, na ndani ya muamala huo huo iandikwe kwamba fungu namba fulani la faili fulani limeingia. Umeme ukirudi, mnasoma orodha na kuendelea palipobaki. Hiyo rekodi ikikaa nje ya muamala, kwenye daftari la mezani au kwenye kichwa cha mtu, siku moja itatofautiana na kilichomo.

Kuendelea palipobaki kunaleta swali ambalo nadhani ndilo gumu kuliko yote: faili likipakiwa mara mbili, nini kitatokea? Sensa ya 2012 ilifanyika kwa madodoso ya karatasi. Siku ya sensa ilikuwa 26 Agosti, na matokeo ya kwanza yakatangazwa 31 Desemba. Sensa ya 2022 ilifanyika kwa vishikwambi, vile vile ambavyo baadaye walimu mlipewa. Siku ya sensa 23 Agosti, matokeo 31 Oktoba. Muda ulipungua karibu nusu, watu wakiwa wameongezeka hadi 61,741,120. Lakini kishikwambi kinachotuma data mahali penye mtandao dhaifu kinaweza kutuma kaya, ikapokelewa, na jibu la kusema imepokelewa likapotea njiani. Kitatuma tena, na kina haki ya kutuma tena. Ni wajibu wa mpokeaji kuitambua kaya ile ile.

DHIS2 inaonyesha namna ya kufanya. Mfumo huu ulianzia Chuo Kikuu cha Oslo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa mshirika wa kuujenga hapa, na kufikia mwisho wa 2013 ulikuwa umeenea nchi nzima. Muuguzi wa zahanati anajumlisha vitabu vya takwimu za afya, MTUHA, jumla zinapelekwa wilayani au zinaingizwa kituoni. Ndani yake kila tarakimu ina anwani isiyojirudia: ni kipengele gani, mwezi gani, kituo gani, mchanganuo upi wa umri au jinsia. Ukileta tena idadi ya wajawazito wa Machi wa kituo fulani, haiongezwi juu ya ile ya kwanza. Inakaa mahali pa ile ya kwanza. Faili hilo hilo ukilipakia mara moja au mara tano, ripoti ni ile ile. Kwenye SQL ya kawaida PostgreSQL hufanya hivyo kwa ON CONFLICT, tangu toleo la 9.5. Sharti lake ni kwamba muwe mmechagua ufunguo wa kweli. Jina la baba, ukoo, tarehe ya kuzaliwa na kijiji si ufunguo. Ufunguo huo unafuta mapacha. Namba ya simu si ufunguo pia, maana nyumba nyingi zina simu moja.

Zaidi ya marudio kuna mistari isiyofika kabisa. Uingereza ina hospitali nyingi na wataalamu wengi wa kompyuta, na bado mwaka 2020 majibu 15,841 ya watu wenye korona hayakuingia kwenye takwimu za taifa wala kwenye orodha ya wafuatiliaji. Majibu ya maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, lenye kikomo cha mistari 65,536. Faili lilipojaa, mistari iliyozidi ikaachwa nje kimya kimya, kuanzia 25 Septemba hadi 2 Oktoba. Watu waliokuwa wamekaa karibu na wagonjwa hao hawakupigiwa simu kwa wakati. Mtu mmoja tu angelinganisha idadi iliyotoka maabara na idadi iliyoingia, angeligundua siku ya kwanza.

Muundo mpya wa Excel una mistari 1,048,576. Si mingi. Kwa sensa ya 2022 Mkoa wa Shinyanga una watu 2,241,299 na Geita 2,977,608. Watu wa mkoa mmoja wowote kati ya hii hawaenei kwenye karatasi moja ya Excel, wala mbili.

Kulinganisha idadi ya mistari ni mwanzo, lakini hakutoshi, kwa sababu mstari unaweza kufika umeharibika. Ongezeni jumla ya safu moja yenye maana: kilo zote za pamba, gramu zote, shilingi zote. Idadi ikilingana na kilo zisilingane, mnajua data imefika yote lakini kuna iliyogeuka. Ongezeni pia idadi ya thamani tofauti katika safu ya ufunguo. Hapo ndipo mapacha waliounganishwa wataonekana, mistari 4,000 lakini namba za kitambulisho 3,987. Na kwa faili lenyewe kuna alama ya kidole, SHA-256, ambayo kompyuta yoyote inaweza kuikokotoa: ikibadilika hata nukta moja njiani, alama inabadilika yote. Kazi hizi haziongezi hata dakika kumi.

Kutoa data nako kuna tabu yake. Programu iliyoandikwa kwa haraka huagiza mistari milioni tatu, ikajaribu kuibeba yote kwenye kumbukumbu ya kompyuta kabla ya kuandika hata mmoja, kisha ikafa. Kanzidata inaweza kukutolea kidogo kidogo, mafungu kwa mafungu, na wewe ukaandika kwenye faili kadiri inavyokuja. Msitumie ule mtindo wa kusema ruka mistari 2,000,000 unipe 1,000 inayofuata. Kanzidata italazimika kuipita milioni mbili yote kila mara. Semeni nipe 1,000 inayofuata baada ya namba fulani, na faharasa itawapeleka moja kwa moja.

Lingine ni saa. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na tangu hapo masoko ya namna hiyo huandika mauzo siku nzima. Mkitoa jedwali la wauzaji saa nne asubuhi na jedwali la mauzo saa nane mchana, mtapata mauzo ya watu ambao kwenye nakala yenu hawapo. Mkaguzi atauliza hao ni akina nani. Chombo kama pg_dump hutatua hilo kwa kuchukua picha ya kanzidata ilivyokuwa wakati kinaanza, hata kazi ikichukua saa tatu na watu wakiendelea kuandika. Mkitoa kwa amri zenu wenyewe, fungueni muamala mmoja wa REPEATABLE READ, unaoshikilia picha moja ile ile, na mtoe majedwali yote ndani yake.

Kisha swali la nani anachukua nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 ikaanza kutumika 1 Mei 2023. Faili la wakulima lenye majina, namba za vitambulisho na za simu ni mzigo unaogusa sheria hiyo mara tu linapotoka kwenye seva. Anayetaka takwimu za kilo kwa kijiji apewe kilo kwa kijiji. Hana haja na simu za watu. Faili kama hilo lisipite kwenye kundi la WhatsApp, na flashi inayolibeba ifungwe kwa nywila. Viongozi wetu wanasisitiza kwamba mifumo isomane, na ninaunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu mkulima amechoka kuandikishwa upya na kila mradi. Lakini kusomana kukifanyika kwa kutumiana mafaili mazima kila Ijumaa, tutakuwa na nakala kumi za mtu mmoja, kila moja na makosa yake, na hakuna atakayejua ipi ni ya kweli.

Kwa makarani wa vyama vya msingi nina ombi moja mahsusi. Mnapokabidhi faili, andikeni kwenye karatasi ya makabidhiano jina la faili, idadi ya mistari, jumla ya kilo na saa, na mdai karatasi ya kurudi yenye idadi iliyopokelewa, idadi iliyokataliwa, na orodha ya waliokataliwa na sababu za kila mmoja. Orodha hiyo irudi kijijini kabla ya mvua za Novemba, isomwe kwenye mkutano, watu warekebishiwe. Mpokeaji akisema mfumo hautoi orodha hiyo, basi mfumo haujakamilika, na ni haki yenu kusema hivyo kwa maandishi.

Na kwa walimu wa kompyuta: haya yote yanaweza kufanyiwa majaribio maabara bila intaneti, PostgreSQL ikishapakuliwa mara moja. Wanafunzi watengeneze faili la mistari 1,000,000 ya wakulima wa kubuni, waweke humo mapacha, Nyang'hwale za aina mbili na malipo yenye mikato. Walipakie mara ya kwanza kwa INSERT moja moja, mara ya pili kwa COPY, waandike muda. Mara ya tatu waiue seva kwa nguvu katikati ya COPY, waiwashe tena, wahesabu mistari iliyomo kwenye jedwali. Niko tayari kuyapokea majibu yao na kuyapitia pamoja nao.